Mama Anaongea na Nani Mchana?

Ule ujumbe unaujua. Unaingia kutoka namba ngeni, mchana watu wakiwa kazini au jioni watu wakijiandaa kula: ile hela nitumie kwenye namba hii, laini yangu ina shida, jina litakuja la fulani. Hautaji hela ipi. Hautaji anayeomba ni nani. Wengi wetu tunaufuta na kuendelea na shughuli zetu, na kwenye vijiwe vya Dar es Salaam maneno hayo yamekuwa utani wa kila siku. Lakini wanaoutuma hawajaacha. Wanautawanya kwa watu wengi kwa sababu katika hao wengi yupo mmoja ambaye saa hiyo kweli alikuwa na hela ya kumtumia mtu, na alikuwa anasubiri kuambiwa aitume wapi.

Huyo mmoja anaweza kuwa kijana. Vijana wanatapeliwa, tena sana, na wengine wana shahada. Jioni hii, hata hivyo, nataka kumzungumzia mzee: mama au baba aliyekaa na simu yake mkononi kutwa, anayeipokea kabla haijaita mara ya pili, na asiyekata hata akisikia sauti asiyoijua. Nataka tujiulize kwa nini hakati.

Nianze na jambo gumu kulisikia. Ujumbe ule wa utapeli unanasa watu kwa sababu unafanana na meseji zetu wenyewe. Chukua simu ya mzazi wako, kwa ruhusa yake, usome alivyoandikiwa na watoto wake mwezi huu. “Mama nimetuma, angalia.” “Baba ile laini imepotea, tumia hii.” “Umepata?” Hakuna shikamoo, hakuna umeamkaje, mara nyingine hata jina la mtumaji hakuna, kwa kuwa mtoto anaamini mama anajua. Tapeli hakuhitaji kubuni lugha yake. Ameazima yetu, ile ya haraka, ya kutuma na kupokea, na mzee hawezi kuona tofauti kwa sababu tofauti yenyewe haipo.

Hatukuwa hivi zamani, na zamani yenyewe si ya mbali. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kabla ya hapo, hela ya mzazi ilikuwa inakuja na mtu. Bahasha alipewa dereva wa basi la mkoani, au mwalimu anayerudi likizo, au binamu anayekwenda msibani. Aliyeileta alikaribishwa, akapewa maji ya kunywa, akaketishwa, na hapo akaanza kuulizwa. Huyo mwanangu umemwonaje? Amekonda? Huyo mke wake ni wa wapi? Anasali? Na mjumbe hakurudi mikono mitupu, alibebeshwa karanga, au mkungu wa ndizi, au kuku aliyefungwa miguu. Kila noti iliyofika ilikuwa na shahidi aliyemwona mtumaji kwa macho yake.

Sisemi turudi huko. Bahasha nyingine zilifunguliwa njiani, nyingine hazikufika kabisa, na mgonjwa hakuweza kusubiri basi la Ijumaa. Hela ya simu imeokoa maisha ya watu, na mzee wa Namanyere au Masasi anayeugua usiku leo anaweza kulipiwa gari kabla hakujapambazuka. Hilo ni jema kubwa. Ila tulipomwondoa mjumbe, tuliondoa pia yale mazungumzo aliyokuja nayo, na hatukuweka kitu mahali pake. Siku hizi hela inafika peke yake. Na palipokuwa pa mjumbe pakabaki wazi. Kaingia mwingine.

Sasa msikilize anavyoingia, maana matapeli hawatumi meseji tu. Wanaopiga ndio hatari zaidi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Aa, mama! Hata sauti yangu umeisahau?”

Hapo mama anatulia. Anaona aibu. Mtu aliyelelewa vizuri hapendi kuonekana amewasahau watoto wa watu. Anaanza kutafuta kichwani, na kwa kuwa amekaa muda mrefu akitamani fulani ampigie, jina la huyo fulani ndilo linalotangulia mdomoni. “Ni Hamisi wa marehemu kaka?”

“Ndiyo mama, ni mimi Hamisi. Uko salama? Presha inaendeleaje?”

Tazama kilichotokea hapo. Tapeli hakuwa na jina lolote, mama ndiye aliyempa. Hakujua kuna kaka, hakujua kaka amekufa, mama ndiye aliyemwambia. Habari ya presha alibahatisha, kwa maana mtu wa umri ule akikosa presha ana sukari, akikosa sukari ana magoti. Na baada ya salamu zile, mama ataeleza mwenyewe: kliniki ni lini, dawa gani imepanda bei, nani alitakiwa kutuma nauli na hajatuma. Ndani ya dakika chache mtu aliyepiga gizani anajua ukoo mzima.

Wajapani waliyaona haya mapema. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 ulizuka kwao utapeli wa mtu kumpigia bibi au babu na kusema tu, ni mimi, ni mimi, kisha akasubiri mzee ataje jina la mwana au mjukuu. Mjukuu huyo wa uongo alikuwa amepata ajali, au amepoteza fedha za kampuni, na lazima alipe leo. Japani ni nchi yenye wazee wengi sana, na wengi wao wanaishi peke yao. Mwaka 2021 serikali yake iliteua waziri wa kushughulikia upweke. Uingereza ilikuwa imetangulia kufanya hivyo mwaka 2018. Nchi haifiki mahali pa kumpa waziri kazi hiyo kama haijaona watu wake wanaumia.

Sisi tunapenda kujiambia kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu na wa Wajapani. Kwetu mzee hakai peke yake, tunasema. Kwetu kuna jamaa, kuna majirani, kuna wajukuu. Nadhani kauli hiyo imepitwa na wakati, na tunaing’ang’ania kwa sababu inatuondolea lawama.

Twende kwenye nyumba moja. Si nyumba ya mtu ninayemtaja, ni nyumba ambazo ziko nyingi sana kule Bunju, Goba, Kigamboni, Chanika na Kibaha, kote jiji lilikokimbilia. Kijana wa kiume au binti amefanikiwa, amejenga. Ameweka uzio wa tofali na geti la chuma. Baba alipofariki kijijini, watoto walikaa kikao wakasema mama hawezi kubaki peke yake shambani, aje mjini tumtunze. Wakamleta, na walimleta kwa mapenzi. Akapewa chumba chenye choo ndani, godoro zuri, televisheni.

Alfajiri ya saa kumi na moja nyumba inaamka. Baba mwenye nyumba anawahi foleni. Mkewe anawahi foleni. Watoto wanafuatwa na basi la shule kukiwa bado giza. Ikifika saa moja asubuhi, ndani ya uzio ule wamebaki watu wawili: mama na dada wa kazi, ambaye ana miaka kumi na minane, ana kazi zake, na ana simu yake. Jirani wa kulia ana uzio wake. Jirani wa kushoto hivyo hivyo. Mama huyu kijijini alikuwa na shamba, alikuwa na kisima ambako watu walisimama wakaongea, alikuwa kwenye chama cha wanawake wa kanisa au kwenye maulidi, alikuwa anaitwa kwenye uzazi na kwenye msiba, na neno lake lilikuwa linasikilizwa. Hapa mjini hakuna anayemwuliza lolote. Akitaka kwenda kununua mboga anaambiwa mama pumzika, atakwenda dada. Akitaka kulima kipande cha bustani anaambiwa mama utaumia mgongo. Wenye nyumba wanarudi saa tatu usiku wamechoka, wanamsalimia, wanauliza kama amekula, wanalala.

Mama huyu si mpweke kwa kukosa watoto wema. Watoto wake wanampenda na wanamlipia bima. Lakini kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku hajatamka sentensi kumi kwa mtu anayemsikiliza. Sasa simu inaita saa tano mchana, na sauti ya kijana inasema shikamoo mama, habari za siku nyingi. Nani kati yetu angekata?

Wapo na wengine. Yupo mstaafu aliyekuwa mkuu wa shule au mhasibu wa halmashauri, mtu aliyesimamiwa na darasa zima alipoingia, aliyekuwa na faili mezani na watu wakimsubiri kwenye benchi. Alipewa cheti na keki, akapewa kiinua mgongo, na Jumatatu iliyofuata hakuna aliyemhitaji. Yupo mzee wa kijijini aliyebaki na wajukuu wawili walioachwa na mama yao, ambaye mjukuu mmoja ndiye anayemsomea meseji kwa kuwa macho yameanza kufunga. Yupo mama mjane wa Unguja au Mombasa ambaye watoto wake wako Muscat, Dubai na London, na maisha yake yote yanapita kwenye simu, salamu, fedha, harusi, maziko. Kwa huyu wa mwisho namba ngeni ya nje ya nchi si jambo la kushtua hata kidogo, maana ndivyo wanawe wanavyompigia kila wanapobadilisha laini.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake juu ya jambo hili tarehe 30 Juni 2025. Linasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaugua upweke, na linakadiria kwamba vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vina uhusiano nao. Kwa wazee, linasema hadi mmoja kati ya watatu ametengwa na watu. Yaani kukosa mtu wa kuongea naye kunaingia kwenye moyo, kwenye kiharusi, kwenye kumbukumbu. Na kunaingia mfukoni pia. Utafiti uliofanyika Marekani na Canada, uliochapishwa mwaka 2019 na Stanford pamoja na taasisi za kulinda wawekezaji na wateja, uliwalinganisha watu waliofikiwa na matapeli wakapoteza fedha na wale waliofikiwa wakasalimika. Mojawapo ya mambo yaliyowatenganisha lilikuwa hili: aliyepoteza mara nyingi hakuwa na mtu wa kumshirikisha pale alipokuwa anatapeliwa. Na katika waliosalimika walikuwemo walioponea chupuchupu kwa sababu mtu wa tatu aliingilia, kama vile mfanyakazi wa dukani au wa benki aliyeuliza swali.

Matapeli hawakuusoma utafiti huo, lakini wanaujua kwa vitendo. Ndiyo maana amri yao ya kwanza siku zote ni ile ile: usikate simu. Baki hewani, mama, nikuelekeze. Amri ya pili ni usimwambie mtu. Kama wanajifanya ni kampuni ya simu, watasema laini yako itafungwa ndani ya dakika kumi. Kama wanajifanya ni shule, mtoto ameanguka, yuko hospitali, daktari anasubiri hela ya vipimo. Kama ni mafao, watasema faili lako liko mezani sasa hivi na ofisa anaondoka. Kila hadithi ina haraka ndani yake, na haraka hiyo ina kazi moja, kuhakikisha mzee hapati nafasi ya kumwuliza mtu.

Hilo la mafao linaniuma kwa namna ya pekee. Mfuko wa PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, umewatahadharisha wastaafu hadharani kuhusu watu wanaojifanya maofisa wake na kudai fedha ili wawashughulikie malipo yao. Fikiria mtu aliyekatwa mshahara kwa miaka thelathini. Amezoea kufuatilia faili toka dirisha hadi dirisha, amezoea kuambiwa njoo kesho. Siku moja anapigiwa na sauti ya heshima inayomwita mzee wangu, inayojua alifanya kazi serikalini, inayosema kuna mapunjo yako tumeyaona, ni milioni nne na ushee, tunahitaji tu ada ya kuyaachia. Kwake hii ndiyo simu ambayo serikali ilipaswa kumpigia siku nyingi. Ndiyo kwanza amepata ofisi inayomtafuta yeye badala ya yeye kuitafuta.

Kuna unyonyaji mwingine ambao wazee wengi hawaujui. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Tanzania, na lengo lilikuwa jema, kila namba ijulikane ni ya nani. Lakini wasajili wasio waaminifu walipita mitaani na vijijini na mashine zao, na mzee alipoweka kidole aliambiwa hakijasoma, weka tena, bonyeza na kile kingine. Kidole kilikuwa kimesoma. Kile cha pili kilisajili laini nyingine kwa jina lake, ikauzwa. Kwa hiyo bibi wa Rukwa au Morogoro, mikoa ambayo ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mara kwa mara kwa majaribio ya utapeli, anaweza kuwa jina lake ndilo linalotokea kwenye simu ya bibi wa Tanga anayeibiwa. Wote wawili hawajui. Ukipiga *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukienda kumsalimu mzazi, mfanyie na hilo.

Nimewahi kukaa kwenye kibanda cha wakala nikisubiri zamu yangu, mbele yangu akiwa mama mtu mzima mwenye kitochi sikioni. Alikuwa ameshika noti, anataka kuweka hela kwenye namba aliyoandikiwa kwenye karatasi. Wakala, binti mdogo, alimwuliza: “Shikamoo mama. Unamtumia nani?” Mama akamwonyesha kwa mkono kwamba anyamaze, yuko kwenye simu. Binti hakunyamaza. Akasema kwa upole, “Mama, hiyo simu iweke kwanza mezani, tuongee mimi na wewe.” Na mama akaiweka. Ile sauti ikaendelea kuongea peke yake mezani, ikiita mama, mama, na baada ya muda ikakata yenyewe. Sijui kama yule binti anajua alichokifanya. Alipata hasara ya kamisheni yake kidogo siku hiyo. Ningependa kila wakala afundishwe swali lile, na alindwe na mwajiri wake anapoliuliza, kwa sababu wakala mara nyingi ndiye mtu wa mwisho mwenye uso ambaye mzee anakutana naye kabla fedha haijaondoka.

Sasa tuseme fedha imeshaondoka. Hapa ndipo sisi watoto tunapofanya kosa ambalo linamsaidia tapeli wa kesho.

Mzee akitapeliwa, jambo la kwanza analolihisi ni aibu. Huyu ndiye aliyetufundisha kuhesabu hela. Huyu ndiye aliyetuonya na watu wa mjini. Atakaa nalo moyoni, ataacha kula vizuri, atasema kichwa kinamwuma. Akithubutu kusema, anakutana na nini? “Mama, na wewe! Si tulikwambia?” Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo inaanzishwa kesi. Ndugu mmoja anapendekeza mama asiwe na hela kwenye simu. Mwingine anapendekeza asiwe na simu kabisa, au akae na kile kisicho na namba yoyote isipokuwa zetu. Tunadhani tumemlinda. Tumemnyang’anya mlango pekee uliokuwa unamletea watu, wabaya na wema, na tumemfundisha kwamba akipata tena tatizo anyamaze. Atanyamaza. Na tapeli atarudi, kwa sababu namba ya mtu aliyetuma mara moja huuzwa na kupewa wenzake, na safari ya pili wanakuja wakijifanya polisi wanaotaka kumrudishia fedha zake.

Kwa hiyo ikimtokea mzazi wako, fanya haraka kile cha kufanywa. Pigeni namba 100, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote, maana fedha ikiwa bado haijatolewa inaweza kuzuiwa. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040. Nendeni polisi mkachukue RB, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015 na inahitaji walalamikaji. Mweleze pia mzazi kwamba mtandao ukimpigia utampigia kwa 100, si kwa namba ya kawaida ya mtu. Yote hayo yafanyike mbele yake, naye akishiriki, asikalishwe pembeni kama mtuhumiwa. Na usimwambie kiasi kilichopotea ni kikubwa. Anajua.

Yaliyobaki hayana namba ya kupiga. Mzazi anayeongea nawe kila siku mbili tatu, kwa robo saa, bila jambo, anaijua sauti yako, anajua uko wapi, anajua laini yako haina shida. Akiambiwa umepata ajali Chalinze, anajua kuwa jana usiku ulikuwa Mwanza. Ulinzi huo hauna programu ya kupakua. Unapatikana kwa kuongea ovyo, kwa kusimuliana bei ya nyanya, kwa kumwacha mama arudie ile habari ya ng’ombe wa jirani uliyoisikia mara nyingi, maana wakati anairudia ndipo anapokumbuka kusema, ah, halafu jana kuna kijana kanipigia, anasema ananijua.

Mwombe naye ushauri, si hela. Mwulize huyu mtoto analia usiku, nifanyeje. Mwulize shemeji yetu tumwendee vipi. Mzee anayetegemewa kwa akili yake hujiona bado ana kazi duniani, na hamuhitaji mgeni wa kwenye simu ampe kazi ya kumwokoa. Hapo ndipo tapeli anapotushinda mara nyingi: yeye anamwambia mama, nakuhitaji, nisaidie. Sisi tunamwambia mama, pumzika. Kama umemleta mjini, mtafutie watu. Jumuiya ndogo ndogo, madrasa ya kina mama, kikoba cha mtaani, kijiwe cha kahawa kwa baba, chochote kitakachomtoa nje ya uzio na kumpa mtu wa rika lake wa kumwambia, mwenzangu, wamenipigia. Mwanamke mwenzake wa miaka sabini atamstua upesi kuliko onyo lolote.

Nasema haya kwenye redio nikijua redio ilivyo rafiki wa wazee. Wapo wanaonisikiliza sasa ambao enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam walituma kadi za salamu, wakasikia majina yao yakisomwa, na nchi nzima ikajua wapo. Redio inaongea na mzee usiku kucha bila kuchoka. Lakini redio haiwezi kumjibu. Simu inamjibu, na ndiyo sababu simu imemkamata moyo kwa namna ambayo sisi watangazaji hatuwezi.

Kuna wajibu ambao familia haiwezi kuubeba. TCRA na kampuni za simu wameendesha kampeni ya Sitapeliki, na ni kazi ninayoiheshimu. Lakini onyo linalokuja kama meseji, kwa maandishi madogo, kwa mtu anayesomewa meseji na mjukuu, linafika kwa asiyehitaji. Onyo la mzee lisemwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida, na ikibidi kwa Kifipa, Kimakonde na Kisukuma. Tangu mwaka 2003 tuna Sera ya Taifa ya Wazee, na mabaraza ya wazee yapo hadi ngazi za chini. Huko ndiko ofisa wa polisi na mtu wa kampuni ya simu wangekwenda kukaa, si hotelini kwenye uzinduzi.

Na kampuni zenyewe zina uwezo ambao mtoto hana. Mashine zao zinajua laini hii ni ya mtu wa miaka sabini na minne, ambaye kwa miaka mingi hutuma elfu kumi za mboga na elfu ishirini za ada ya mjukuu. Laini hiyo ikianza ghafla kutuma laki nane kwa namba ambayo haijawahi kuwasiliana nayo, mara tatu ndani ya nusu saa, mashine imeiona. Iuzuie muamala ule kwa saa chache, na mtu ampigie mzee kwa 100 amwulize lile swali la binti wa kibandani. Wenye haraka za halali watalalamika, na watakuwa na haki ya kulalamika kidogo. Lakini saa hizo chache ndizo zinazotosha kwa binti aliye kazini Posta kutoka kwenye kikao, kuiona simu ya mama aliyoikosa, na kupiga.